Likizo ya Hudson na Panda Mwekundu

Hudson Lumadede alikuwa askari wa lango kwenye ghala la vigae huko Dubai Investments Park, na ukimuuliza kazi yake ni nini alikujibu bila kucheka: "Kusimama." Wapo wenzake waliosema wako kwenye sekta ya usalama, hasa wakiongea na wasichana wa nyumbani kwa simu. Yeye alisimama. Kofia kichwani, mikono nyuma, lori likija anafungua, lori likitoka anafunga. Ukikutwa umeketi, onyo. Ukikutwa umelala, khalas, funga mizigo.

Mimi nililala kitanda cha juu yake kambini, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa kuchungulia chini.

Kampuni yetu ilitoa likizo kila baada ya miaka miwili, pamoja na tiketi ya kwenda kwenu. Na mtu wa kambini akipata likizo, hajaipata peke yake. Watu huleta mizigo. Huulizwi kama unakubali; unaulizwa ndege ni lini. Blanketi la mama, simu ya shemeji, manukato ya mchumba ambaye mchumba mwingine hamjui. Sheria ni kwamba unaufikisha kwa mkono wako, unampiga picha aliyepokea akiwa ameushika, unaituma. Mzigo usio na picha haujafika, hata kama mtu ameshalala ndani ya hilo blanketi.

Mwaka 2014 Hudson alikwenda kwao Vihiga. Yaani alikusudia. Kwa kuwa hajui kusema hapana, likizo nzima aliimaliza akigawa: Nyeri, Kisii, Bungoma, Kitui, halafu Kitui tena kwa sababu mara ya kwanza mwenye mzigo alikuwa ameenda harusini. Aliporudi Dubai tukamuuliza nyumbani kukoje. Akafikiri kidogo.

"Barabara ya Kitui wameitengeneza," akasema.

Toka hapo aliapa kwamba likizo inayofuata itakuwa yake. Alichokosa ni mahali pa kuipeleka. Mahali palikuja na Mani.

Mani alikuwa Mnepali, mwenzake wa lango, mtu wa Ilam, mashariki ya nchi yao, milimani kunakolimwa chai. Walizungumza lugha ya malangoni: Kihindi kidogo, Kiingereza kidogo, Kiarabu cha amri. Siku moja Mani akamwonyesha video iliyotumwa na mjomba wake, ambaye kazi yake huko kijijini ni kuzunguka msituni akimlinda mnyama mmoja, panda mwekundu. Si yule mkubwa mweusi na mweupe anayejulikana. Huyu ni kama paka aliyekula vizuri: manyoya rangi ya udongo wa Vihiga uliolowa mvua, tumbo na miguu myeusi, mkia wenye pete. Kwenye video alikuwa juu ya tawi, miguu inaning'inia huku na huku, amelala. Hudson akangoja. Video ikaisha, mnyama bado amelala.

"Anafanya nini kingine?"

"Anakula majani ya mianzi. Halafu analala."

"Na hakuna anayemwandikia onyo?"

"Dai," Mani akasema, maana kwao ndivyo wanavyomwita kaka, "huyo ndiye anayelindwa."

Hudson akaomba atumiwe hiyo video. Jioni ile nilimwona ameinamia simu amejifunika shuka, nikadhani anatazama mambo yake ya kiume, nikachungulia. Mnyama amelala. Kesho yake, mnyama amelala. Nikaacha kuchungulia, hakukuwa na jipya.

Mipango ilichukua karibu mwaka mzima. Mani alimwambia aende Novemba, miti mingi ikishapukutisha majani, kwa sababu mnyama hupanda juu kuota jua na huonekana kirahisi. Angeruka mpaka Kathmandu, apande ndege ndogo, kisha gari la milimani, kisha miguu. Mjomba angempokea. Hudson akanunua viatu vya mlima na darubini kule Deira, akaanza mazoezi. Kila jioni alipanda na kushuka ngazi za jengo letu na viatu vile, mpaka Wapathani wa ghorofa ya chini wakauliza huyu anamkimbia nani. Darubini aliijaribia kwenye paa, akiwatazama njiwa waliotua kwenye kamba ya nguo ya jengo la pili. Bahati mbaya nyuma ya kamba kulikuwa na dirisha la bafu. Msimamizi wa kambi akapanda mbio.

"Unatazama nini?"

"Njiwa, sir."

"Njiwa gani?"

Njiwa walikuwa wameshaondoka.

Ofisini napo, bwana anayeshughulikia likizo, Mhindi mpole wa Kerala, alimweleza kwamba tiketi ya kampuni inaenda Nairobi tu. Hudson akasema atajinunulia ya kwake.

"Nepal kuna nini?"

"Kuna mnyama, sir."

"Lakini Hudson, kwenu kuna simba."

"Sir, kwetu Vihiga kuna kuku."

Simba hajamwona maishani mwake. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Twiga wa kwanza niliyemwona mimi alikuwa kwenye tangazo la ndege.

Wengine hakuwaambia. Alisema si siri, ni kwamba hawajauliza. Ukweli ni kwamba aliogopa kuchekwa, na aliogopa zaidi mama yake asije akazipata habari kabla yeye hajapata maneno ya kumwambia. Mama alikuwa akimngoja. Alishachagua mpaka kuku.

Sammy ndiye aliyeharibu. Sammy wa kitanda cha mlangoni alimsikia msimamizi akisema likizo ya Hudson imekubaliwa, naye papo hapo akaandika kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya: "Hudson anaenda nyumbani Novemba. Mwenye mzigo ajipange."

Wa kwanza alikuwa Everlyn, anayesafisha ofisi mtaa wa pili, mtu wa Kitale. Alileta blanketi na viatu vya shule vya binti yake. Hudson akafungua mdomo. Nilimwona. Akaufunga.

"Weka hapo," akasema.

Wakaja wengine. Weka hapo. Weka hapo. Nilipopata nafasi nikamnong'oneza: "Buda, si uwaambie?"

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Wakimaliza kuleta."

Mizigo ikajaa chini ya kitanda, ikapanda juu, ikamfikia miguuni. Akawa analala amejikunja, kidogo tu aote mkia.

Sasa, jambo ambalo Hudson hakulifikiria hata kidogo, na mimi pia sikulifikiria ingawa nilijiona mjanja, ni kwamba Mani naye ana watu wake. Na Mani hakuwa na sababu ya kuficha. Alifurahi, akawaambia. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana mlango ukagongwa, wakaingia Wanepali, kandambili wameziacha nje kwa adabu, kila mmoja ameshika kitu. Peremende, simu, koti la mtoto, sufuria ya presha, blanketi. Blanketi lenyewe ni lile lile la Wakenya, lenye picha ya chui yule yule.

"Dai, kwetu ni juu kidogo tu ya kwa kina Mani," akasema mwenye sufuria.

Hudson aliwatazama. Alikuwa amechagua nchi ambayo hakuna mtu wa Kitui.

"Weka hapo," akasema.

Everlyn alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuongeza biskuti kwenye mzigo wake. Akaitazama sufuria, akawatazama Wanepali wakitoka, akamgeukia Hudson.

"Hudson. Hawa wana shamba Kitale?"

Hudson akaisogeza sufuria kwa mguu.

"Nakuuliza wewe, baba. Hii sufuria inaenda wapi?"

"Nepal."

"Nani anaipeleka?"

"Mimi."

"Na viatu vya mtoto wangu? Vinapitia Nepal?"

Ikabidi aseme. Alisema yote, vibaya, akianzia katikati, na aliposhindwa akatoa simu akaonyesha ile video. Chumba kizima kikainama kutazama. Mnyama amelala.

Sammy alicheka mpaka akashika nguzo ya kitanda. "Mtu ameacha mama yake, ameacha kuku, anafuata paka aliyepakwa hina!"

Everlyn hakucheka. "Mama anajua?"

"Bado."

"Mpigie."

"Nitampigia Jumapili."

"Sasa hivi. Weka spika. Mimi naweza kungoja viatu, mama yako anakungoja na kuku wake."

Akapiga. Nilishuka kitandani; mambo mengine si ya kuchungulia.

"Mama, Novemba siji."

"Kazi imekataa?"

"Hapana. Naenda nchi nyingine. Kumwona mnyama."

"Analiwa?"

"Hapana, mama."

"Anauma?"

"Analala tu."

Tukamsikia mama akivuta kiti. "Mara ile nilikuona mgongo," akasema. "Kila nikitoka jikoni nakuta mgongo unaondoka na mabegi ya watu. Watu wa Kitui wanakujua kuliko mimi. Kama unakuja hivyo tena, afadhali uende kwa huyo mnyama. Lakini ukija kwangu uje mikono mitupu. Hata mfuko sitaki kuuona. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Everlyn akainama, akachomoa viatu vya binti yake kutoka kwenye lundo. "Sammy," akaita, "likizo yako ni lini vile?"

Sammy aliacha kucheka katikati ya pumzi. "Desemba."

"Vizuri sana."

Mizigo ya Kenya ikavuka chumba, blanketi kwa blanketi, ikajengwa juu ya kitanda cha mlangoni. Ya Nepal ikabaki. Nikamwambia Hudson huu ndio wakati, amwambie Mani awarudishie watu wake vitu vyao. Akasema mjomba wa Mani ndiye anayejua mnyama alipo. Ilikuwa sababu nzuri, lakini mimi namjua: hawezi kusema hapana kwa lugha yoyote ile.

Siku ya safari begi lilizidi uzito kwenye mizani. Akatoa vitu vyake. Sufuria ya mtu ikabaki ndani, viatu vya mlima akavivaa, jaketi la baridi akalivaa, darubini akaining'iniza shingoni. Adhuhuri ya Dubai, watu wanatembea kwenye vivuli, Hudson akapanda teksi amevaa kama anayengoja theluji. Dereva alizima redio ili amtazame vizuri.

Aliporudi, chumba kilijaa. Mani alikuja, Everlyn alikuja, Sammy alikuwa katikati ya mizigo yake anafunga kamba, maana likizo yake ilikuwa imekaribia.

"Picha," akasema Sammy.

Hudson akatoa simu. Picha ya kwanza, bibi kizee na blanketi la chui. Ya pili, mtoto ndani ya koti. Ya tatu, mzee na simu, ameishika juu chini. Picha baada ya picha, watu wa milimani na mizigo yao, nyuma yao chai na ukungu. Mani alizitazama zote polepole, akarudia ile ya kwanza. Mnyama hakuwemo.

"Hukumwona," Sammy akasema.

"Nilimwona."

Hudson akaeleza. "Juu kidogo" ya watu wa milimani ilikuwa kupanda toka asubuhi mpaka jioni, kila nyumba na kilima chake, kila nyumba na chai yake ya lazima. Likizo ikaisha hivyo hivyo. Siku ya mwisho ilibaki sufuria ya presha, ya nyumba ya juu kabisa, na njia ilipita msituni, kwenye miti iliyoota manyoya ya kijani. Mjomba wa Mani alitangulia. Ghafla akasimama, akaonyesha kwa kidevu. Yule pale, juani, juu ya tawi lisilo na majani, miguu inaning'inia.

"Simu ilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Ndani ya jaketi."

"Si ungeitoa?"

"Nilishika sufuria kwa mikono miwili. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Chini ni mawe. Ningeiweka, ingelia."

Kwa hiyo akasimama. Mjomba alichoka, akachuchumaa, baadaye akaketi. Hudson akasimama. Mnyama alifungua jicho, akamtazama, akapiga miayo, akageukia upande wa pili akaendelea. Jua likahama tawi, naye akapanda tawi la juu yake, akapotelea kwenye majani ya mti wa jirani. Ndipo wakaipeleka sufuria.

Picha yake ilikuwepo, ya mwisho kabisa: mama mmoja mfupi, sufuria kifuani, anacheka.

"Yaani," Sammy akasema, "umesafiri mpaka Nepal kwenda kusimama mbele ya mtu amelala."

"Ndiyo."

"Kama kazini."

Hudson akalifikiria hilo. Alivua jaketi, akalikunja, akaliweka chini ya kitanda mahali palipokuwa wazi sasa.

"Sufuria nilitumwa," akasema. "Kusimama sikutumwa na mtu."

Everlyn akamuuliza kama mnyama mwenyewe ni mwekundu kweli, akasema ndiyo, zaidi ya kwenye video. Sammy akarudi kwenye kamba zake. Blanketi la chui lilikataa kuingia, na mlango ulikuwa unagongwa tena.