Pikipiki ya Bwana Athmani

Siku yangu ya kwanza kazini Lamu nilishuka gatini na sanduku la spana begani. Mkubwa wetu, Bwana Injinia Msaidizi, akaniuliza nimesomea nini. Nikajibu kwa fahari, "Magari na pikipiki, bwana." Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanionyesha punda watatu waliobebeshwa mawe ya kujengea.

"Magari yetu ndiyo hayo," akasema. "Pikipiki hatuna. Wewe utatunza injini ya boti la serikali, na ukipata nafasi, pampu ya maji."

Wenzangu wakacheka. Hivyo ndivyo mimi, kijana wa Taita nisiyejua hata kuogelea, nilivyokuwa fundi wa boti. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Uhuru.

Ninyi mafundi wa siku hizi mkiharibikiwa na kipuri mnaagiza kingine. Sisi tulikisubiri kije kwa chombo kutoka Mombasa, na mara nyingi kilichokuja hakikuwa tulichoomba. Basi tulijifunza kuchonga kwa tupa, kukata gasketi, yaani ile karatasi ya kuziba baina ya chuma na chuma, kutoka kwenye viatu vya zamani, na zaidi ya yote kupigana na chumvi. Bwana Injinia alikuwa akisema, "Vumbi la bara hupanguswa. Chumvi hula." Kila nati tuliipaka mafuta asubuhi, na jioni tuliikuta imeanza kuota kutu.

Nilipanga chumba cha chini mtaa wa Langoni, katika nyumba ya Bwana Athmani na mkewe, Bi Zuhura. Bwana Athmani alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyestaafu, mkali wa maneno, ambaye macho yake yalikuwa karibu kwisha na nyonga yake ilikuwa mbovu tangu zamani. Bi Zuhura alikuwa mwembamba, mwepesi wa mguu, na nyumba nzima ilikwenda kwa amri yake ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiamuru.

Wiki ya pili niliona gurudumu uani, limechungulia chini ya turubai lililooza. Nikalifunua. Pikipiki ya Kiingereza, ya silinda moja, ya kabla ya vita! Kuku alikuwa ametaga juu ya tangi la petroli.

"Nani yuko hapo?" Bwana Athmani akaita kutoka ukumbini. "Usiiguse!"

Nikaomba radhi, nikaifunika. Lakini moyo haukufunikika. Jioni moja nilikuwa nikimsimulia Bi Zuhura jinsi nilivyosafisha kabureta ya boti, kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa, na mzee akanikatiza.

"Umepitisha waya katika tundu lake? Basi umeliharibu. Tundu la kabureta hupulizwa kwa mdomo." Kisha akaniita kwa Kiamu, ambamo njoo ni ndoo: "Ndoo hapa, fundi. Mikono yako ni safi?"

"Safi, bwana."

"Basi haijafanya kazi. Nenda ukaanze."

Kuanzia hapo Jumapili zangu baada ya ibada ziliishia uani. Pistoni ilikuwa imegandia ndani ya silinda. Mimi nilitaka kuigonga kwa nyundo na kipande cha mti. Mzee akakataa katakata. Akaniagiza nijaze silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za vyombo, kisha nisubiri. Harufu ilifika mtaa wa pili. Jirani alikuja kuuliza kama kuna aliyefariki.

"Chuma ni kama mkwe," mzee akaniambia. "Hakilazimishwi."

Baada ya siku kumi pistoni ikajisogeza yenyewe nilipouzungusha mtaimbo wake, yaani mhimili unaoisukuma, kwa mkono. Nilipiga kelele kama mwehu, naye akapiga fimbo yake sakafuni kwa furaha.

Sahibu yangu wa karakana ya Mombasa aliniletea matairi yaliyotumika. Ringi za pistoni nilizisugua, klachi nikaikatia vipande vipya vya vizibo vya chupa. Kilichobaki ni kimoja, na hicho ndicho roho ya pikipiki za namna ile: magneto, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche bila betri. Mahali pake palikuwa tupu, matundu manne ya bolti yakinitazama.

"Iliibwa," Bwana Athmani akasema. "Na ndugu yangu Shee."

Bwana Shee alikuwa mdogo wake, fundi wa kuunda vyombo vya baharini kule Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa. Miaka kumi na minane nyuma Bwana Athmani alianguka na pikipiki ile mchangani, akavunjika nyonga. Shee alikuja kumjulia hali, akasema mbele ya watu kwamba chuma kile kitamwua kaka yake. Wiki hiyohiyo magneto ikatoweka. Tangu siku hiyo ndugu wale hawakusemezana, si kwenye harusi, si kwenye maziko ya mama yao.

Niliandika barua Mombasa, nikajibiwa kwamba magneto ya aina ile haipatikani tena. Basi Jumamosi moja nikamwambia Bi Zuhura, "Kesho nashika njia ya Matondoni. Nitamwomba Bwana Shee mwenyewe anirudishie. Pengine kwa mgeni ataona haya."

Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya komeo.

"Usende," akasema.

Akanipeleka chumbani kwa watoto waliokwisha kuolewa, akafungua kasha la mbao, akatoa nguo moja baada ya nyingine. Chini kabisa palikuwa na kitu kizito kimefungwa kwa kanga. Nilijua ni nini kabla hajakifungua.

"Nilikuwa na watoto watatu," akasema, bila kulia. "Mume amelala, mguu umefungwa mbao, na akizinduka huulizia pikipiki kabla ya kuulizia watoto. Nikachukua spana yake mwenyewe. Nilifikiri nitamwambia akipona. Akapona akiwa amekwisha kumtaja Shee." Akanishikisha kile kifaa. "Mwambie umekipata Mombasa."

Vijana wangu, nataka niwaambie kweli: nilikaribia kukubali. Nilikuwa na hamu ya kusikia injini ile kuliko nilivyokuwa na hamu ya haki. Na yeye alikuwa amenilisha kama mwanawe. Lakini nilikuwa njiani kwenda kumwita mzee wa watu mwizi.

"Bi Zuhura," nikasema, "mimi sitamwambia kilikokuwa. Lakini sitamwambia Mombasa."

Alizirudisha nguo zake moja moja. Kisha akafunga kasha, akajitanda buibui kana kwamba anatoka nje, akaenda ukumbini kwa mumewe. Sikusikia walichosema. Nilikaa uani na magneto mapajani.

Siku tatu Bwana Athmani hakusema na mkewe wala nami. Chakula kilipelekwa, sahani ikarudi. Siku ya nne nilisikia sauti yake.

"Ulikitia wapi hasa?"

"Kashani. Tini ya nguo zangu za harusi."

Tini, yaani chini, kwa Kiamu chao. Nami, kwa kuwa nilikuwa kijana na sikujua kunyamaza, nikapiga hodi na kumwambia yale ambayo fundi yeyote angeyaona. Kila kilichobaki kwenye pikipiki ile kililiwa na chumvi. Magneto, kwa kukaa kavu ndani ya kanga na karafuu maiti, ilikuwa nzima kama siku iliyotoka kiwandani.

"Ingekaa uani, bwana, leo tungekuwa na unga wa kutu."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. "Mwanamke huyu," akasema akicheka huku akipangusa macho, "ameniibia na kuniwekea!"

Ijumaa baada ya sala nilisafisha platini zake, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke, nikaifunga mahali pake. Nilipiga kiki mara sita. Ikakohoa.

"Cheche yako yachelewa," akasema mzee kutoka kitini, sikio limeelekea injini. "Isogeze. Kidogo. Hapo umezidisha. Rudisha."

Kiki ya saba ikawaka. Kuku wakaruka ukutani, watu wakajaa vichochoroni, na Bi Zuhura akasimama ngazini ameziba masikio, akitabasamu.

Jumapili tuliisukuma hadi nje ya mji. Mzee akapanda nyuma yangu, nikamfunga kiunoni mwangu kwa kikoi, tukashika ndia ya Matondoni, kama alivyoiita. Tulikwenda vizuri mpaka mchanga mzito ulipotukamata na cheni ikakatika. Mwenye punda mmoja akatuonea huruma. Tukaingia Matondoni tukivutwa kwa kamba, mzee ameketi wima kama liwali.

Bwana Shee aliweka chini tezo yake ya kuchongea mbao. Bwana Athmani hakungoja salamu.

"Shee, nilikwita mwizi. Hukuwa mwizi."

"Mimi nimeliyua hilo miaka kumi na minane," akajibu mdogo wake polepole. "Wewe ndiwe uliyekuwa huliyui." Kisha akamtazama punda, akatazama pikipiki. "Na hii ndiyo injini mliyoitengeneza? Yala majani?"

Wakacheka mpaka wakashikana ili wasianguke, na waliposhikana hawakuachana upesi.

Jumatatu Bwana Injinia akaniita. Nikakiri kwamba nilitumia jiriwa ya serikali kubania vyuma vya mtu binafsi. "Najua," akasema. "Mtu mwenye subira hiyo namtaka Faza. Kuna pampu kule iliyowashinda watatu." Nikaenda Faza, kisha Garsen, kisha Voi, nikapanda mpaka nikawa Msimamizi wa Karakana, na nikastaafu nikiwa na vidole vyote kumi, jambo ambalo si kila fundi wa rika langu anaweza kulisema.

Vijana huniuliza kazi gani niliyoifanya ikadumu. Injini hazidumu. Ile pikipiki yenyewe ilivunjika gia mwaka uliofuata, nami nikiwa Faza nikamwandikia Bwana Athmani kwamba nitakuja kuitengeneza. Akamwambia karani mmoja wa mtaani anijibu nisijisumbue: Shee huja kila Ijumaa kwa miguu, hukaa mpaka alasiri, na makelele ya injini yangewazuia kusikilizana.