Kanzu Bila Kukhu

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, nikiwa mdogo, kabla sijajua kamera ni mdudu gani. Jirani yetu pale Kariobangi alikuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda. Punda yule aliijua kazi kuliko mwenyewe. Mwenyewe analala juu ya mitungi, punda anasimama kila mlango wa mteja. Tulimsifu sana. Basi mteja mmoja akahama, nyumba ikabomolewa, na punda akaendelea kusimama pale penye vifusi. Jirani akaamka, macho bado na usingizi, akapiga hodi mahali pasipo na mlango. Tulicheka, mwanangu, mpaka mama akatufukuza.

Mbona nimeanza na punda? Nilitaka kukwambia habari ya kamera. Nivumilie, mzee hufika kwa kuzunguka.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha wa mtaani. Shule niliionja tu, lakini watu walinijua. Nilikuwa nimepata kamera mpya, ile inayojipimia mwanga yenyewe. Juu ilikuwa na kigurudumu chenye herufi A, yaani ijiendeshe yenyewe. Nilikiweka hapo, nikakisahau. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kazi yangu ikawa kulenga na kubonyeza, na nisiwe mwongo, picha nyingi zilitoka vizuri.

Jumapili moja nilisimama karibu na soko, kando ya fundi wa viatu. Hapo alikuwa akiketi Mzee Yusuf, mtu aliyekuwa na studio Mogadishu kabla ya vita kumleta mtaa wa Huruma. Kamera zake zilibaki huko. Alinitazama nikiwapiga watu picha.

Sasa, jirani yangu Mama Nekesa, mtu wa Bungoma, alikuwa akiishi na mama yake mzazi. Sote tulimwita Kukhu, ndivyo wenzetu wa magharibi wanavyomwita nyanya. Kesho yake Kukhu alikuwa anarudi nyumbani kabisa, na wajukuu hawakuwa na picha yake hata moja. Alikuwa akikataa. Kwao picha kubwa ya mzee huonekana matangani tu, kwa hiyo ukimtajia kamera anakuuliza, "Mnatafuta ya kuweka juu ya sanduku?" Siku hiyo alikubali, kwa ajili ya wajukuu, kwa sharti kwamba atasimama akitoka kanisani na hatavua kanzu yake nyeupe ya kanisa.

Waumini wakaja na ngoma zao, wote na kanzu nyeupe pepepe, jua limewaka juu ya mabati. Kukhu akasimama. Nikalenga, nikabonyeza, nikamshukuru. Alikuwa ameshageuka kuwafuata wenzake, ndipo Mzee Yusuf akasimama.

"Mama, ngoja kidogo," alimwambia. "Huyu amepiga kanzu. Wewe hajakupiga."

Kukhu akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Basi kanzu iende nyumbani, mimi nibaki hapa nimngoje ajifunze."

Watu wakacheka. Masikio yalinichoma. Mzee Yusuf hakucheka. Akaniuliza ile kamera inajua nani ni mama wa watu na kipi ni kitambaa. Akanieleza polepole kwamba mashine ikiona weupe mwingi hudhani dunia nzima imejaa mwanga, nayo hufinya jicho, na uso mweusi ukabaki gizani.

"Toa hapo kwenye A. Msogelee. Pima uso wake, si nguo. Kisha punguza mwanga kidogo, kanzu isiungue."

Nikamsogelea Kukhu mpaka uso ukajaa kwenye tundu la kamera. Nikapima, nikapunguza mwanga kidogo kwa ajili ya kanzu kama alivyoniambia, nikarudi nyuma bila kugusa kitu. Nikabonyeza. Kukhu akaenda zake, na asubuhi akapanda basi.

Mwanangu, kungoja filamu isafishwe mjini ni ugonjwa. Nilipofungua bahasha, picha ya kwanza ilikuwa kanzu imesimama peke yake, juu yake doa jeusi. Nikatoa ya pili. Kukhu huyo! Makunyanzi yote, pengo lake, na lile jicho la mtu aliyekwisha kukujua. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Mama Nekesa alipoipokea aliketi chini, akaiweka kifuani, wala hakuniuliza ya kwanza iko wapi.

Kwa hiyo sikwambii uitupe mashine inayokufanyia kazi. Itumie, ikupunguzie mzigo. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mashine nayo ni ndugu wa namna hiyo. Elewa inakufanyia nini, ili siku inapokosea, kama yule punda, ujue pa kuishika. Na ukiwa mbele ya mtu, msogelee kwanza, umwone yeye kabla ya alichovaa.

Baraka yangu kwako ni ile niliyopewa. Nilimpelekea Mzee Yusuf picha zote mbili. Alizitazama sana, akaniwekea kiganja kichwani, akasema, "Mungu akuachie macho yako." Kisha akashika njia ya Huruma, hakumuaga hata fundi. Nilidhani Jumapili tutaonana. Hakurudi tena pale sokoni, wala sikujua alikoishia.