Waliniambia niishi Mbweni, nikang'ang'ania Kikwajuni

Salaam kwenu wakuu, na nyie mnaosoma huku bosi anadhani mnafanya kazi, nawasalimu mara mbili.

Kila wiki naona uzi humu: "Nahamia Zanzibar, nikae mtaa gani?" Majibu ni yale yale. Bahari iko wapi, umeme unakatika mara ngapi, kodi bei gani. Leo nasimulia yangu. Chumvi naitia kwenye unga tu, humu siongezi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Songea, kazi yangu kuoka mikate. Nilipata nafasi kwenye hoteli moja Shangani, Mji Mkongwe.

Msidhani nilifuata jua na fukwe. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa ambayo hata sokoni naenda kwa ruhusa, na nikichelewa nakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nimelala nje mara mbili, mke wa mtu. Nilivuka maji na begi moja na kiapo kimoja: sikai tena mahali ambapo ufunguo anao mtu mwingine.

Chef wetu, Kaka Damiani, mtu wa bara mwenzangu, akanipeleka Mbweni. Hoteli ilikuwa na nyumba kule kwa wafanyakazi wa kike. Pazuri jamani, sitasema uongo. Upepo, miti, kimya, na asubuhi gari la hoteli linakufuata mlangoni. Hulipi hata senti.

Ila geti linafungwa saa mbili usiku na ufunguo anao mlinzi. Siku ya mapumziko ukitaka kutoka, unaomba kwa msimamizi. Wale dada niliowakuta walikuwa na miaka miwili kisiwani na hawamjui jirani hata mmoja.

Nikasema asante, sitaki.

"Devota una wazimu," Damiani akasema. "Mtu anaacha Mbweni ya bure anakwenda kulipia chumba Ng'ambo?"

Ndiyo kaka. Anakwenda.

Nikapata chumba Kikwajuni, huko huko Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, kwa Bi Raya, mjane wa miaka sitini na kitu, wa ukoo wa Kiarabu. Yeye chini, mimi juu. Aliniuliza kwetu wapi, dini gani, mume yuko wapi. Nikamjibu yote bila kuficha. Akanipa funguo mbili, wa chumba na wa mlango mkubwa wa nje.

Wakuu, nilipanda juu nikalia.

Sasa hapa ndipo balaa lilipoanzia. Kazini nilikuwa naingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, wageni waamke wakute mkate wa moto. Kwa hiyo natoka nyumbani giza bado, nimejifunga kanga, natembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Na kwenye kona ya mtaa wetu kuna msikiti. Saa zile ndipo wazee wanakwenda kuswali.

Hapo nilifanya kosa langu. Mimi nilifundishwa kwamba mwanaume anayekwenda kwenye ibada humsemeshi, unapita pembeni kimya. Nikawa napita nimeinamisha kichwa, nikiona nimewaheshimu sana. Kumbe Unguja ukipita watu wazima bila salamu, ni kama umetangaza una jambo unalificha.

Mwanamke mgeni, hana mume, anatoka peke yake gizani kila siku, tena hasalimu. Wakajumlisha wenyewe. Hakuna aliyeniuliza.

Mwezi wa pili sheha akaniita. Kwa wasiojua, sheha ndiye mkuu wa mtaa kwa upande wa serikali, na ukiwa mgeni lazima akuandikishe. Nilikuwa sijaandikishwa bado. Nikamkuta amekaa na Mzee Khatibu, fundi viatu wa pale kona, ambaye ndiye aliyepeleka maneno.

"Bibie," sheha akasema kwa upole, "watu wana neno. Mie sisemi kweli, sisemi uwongo. Lakini bora uhamie kwa wenzako Mbweni. Au ukitoka uvae buibui, usijulikane."

Damu ilichemka.

"Wazee wangu, shikamoo zenu nilikuwa sizitoi, hilo ni kosa langu na naomba radhi," nikasema. "Lakini natoka kwenda kuoka mikate. Sihami. Na buibui ni vazi la heshima, sitalivaa kujificha kana kwamba nimeiba."

Mzee Khatibu akaangalia ukuta. Sheha akanipa mpaka Ijumaa nifikirie.

Nilimweleza Bi Raya nikijua nitaambiwa nifunge begi. Wale ni watu wake, mimi wa kuja tu. Alikuwa anachagua mchele.

"Wamekwambia uvae buibui wasikujue?"

"Ndiyo, Bi Raya."

"Ehee! Buibui letu lishakuwa pazia la kufichia watu!" Akasukuma ungo pembeni. "Kesho ukitoka nigongee. Nnakwenda na weye."

Alfajiri nikagonga. Akatoka na bakora, maana goti lilikuwa linamsumbua. Tukatembea pole pole mno. Nilijua nachelewa kazini, lakini nani angethubutu kumharakisha? Msikitini tukawakuta wazee nje wanavua makubadhi. Bi Raya akasimama katikati ya njia.

"Khatibu!"

"Naam. Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba. Huyu Devota, mkaazi wangu. Anakwenda kuchoma boflo Shangani. Umesikia?"

"Nshasikia."

"Juma!"

"Naam."

Akawapitia wote kwa majina. Watu na ndevu zao nyeupe wanajibu naam kama watoto wa madrasa. Kila anayetajwa nikampa shikamoo kwa sauti, na kila mmoja akaitikia marahaba.

"Mwenye neno jengine aje mchana," Bi Raya akamaliza. "Mlango wangu anaujua."

Nikamsihi arudi akapumzishe goti. Hakutaka. Tulifika Shangani pamoja, akakaa jikoni kwenye kigoda mpaka trei ya kwanza ilipotoka, Damiani anamtumbulia macho.

Ijumaa sikwenda kwa sheha. Alikuja yeye na daftari lake, na Mzee Khatibu nyuma yake. Akaandika jina langu, kisha akauliza nani ananidhamini hapa mtaani. Bi Raya akafungua mdomo.

"Niandike mie," Mzee Khatibu akasema.

Sikumshukuru. Bado nilikuwa na hasira naye, na ukweli ni kwamba nilikuwa na haki ya kuwa nayo. Nilimpa shikamoo tu, akaitikia.

Nilikaa chumba kile miaka tisa.

Nilichojifunza: usichague mtaa kwa upepo. Chagua mahali ambapo ufunguo unao wewe. Salimia watu, tena kwa sauti. Na wakikwambia hama wakati huna kosa, kaa hapo hapo, maana ukihama umewasadikisha.

Wakazi wa Mbweni msinirushie mawe, kwenu pazuri. Haya, uwanja wenu. Wewe ni wapi waliposema hapakufai, na bado ukakaa?