Telefone ya Siri ya Bibi Yangu

Hapa Likasi wananijua: sikusoma sana, lakini duka la vipuri nimelijenga kwa mikono yangu, na chombo chenye betri hakinishindi. Basi juzi nikakuta ndani ya valizi ya nguo ya bibi yangu niliyemuoa telefone nene, imefungwa kwa kitambaa. Haiwaki. Wivu ukanishika. Ni mwanaume gani alimupa? Nikasugua kutu kwa ndimu, nikatia betri mupya, nikafinya kila kidude. Ikawaka! Lakini hakuna jina wala ujumbe, ni mistari miwili tu, mmoja umesimama, mmoja umelala, imekatana katikati.

Nikaelewa yote. Nikamwita kaka yake mukubwa aje kushuhudia.

"Shemeji, ona mwenyewe. Hii ni ramani. Hapa katikati ni carrefour, njia panda, ndipo wanakutana!"

Shemeji akaitazama, akacheka mpaka machozi.

"Shemeji, hii ni mashini ya hesabu, ya kuchora mistari ya grafu. Nilimununulia minye mwenyewe, wakati anasoma humanités, ile sekondari."

Bibi yangu alikuwa mlangoni na sahani ya bukari, ugali wetu. Akamwambia kaka yake:

"Yaya, umuulize basi: huyo mwanaume wangu iko anasimama fasi gani kwenye hiyo carrefour?"