Silabi za Kuazimana

Maombi yangu ya kwanza yalirudishwa kwa sababu niliyajaza kwa kalamu. Ya pili yalirudishwa kwa sababu sikutaja kundi la kulinganisha. Ya tatu niliyachapa kwenye kompyuta ya saiba moja ya Bamburi, Jumamosi mbili mfululizo, hadi mwenye saiba akanionea huruma akanigeuzia feni. Ilikuwa ruzuku ya serikali ya utafiti na ubunifu katika elimu. Tangazo lake lilizunguka kwenye makundi ya walimu ya simu, na kila aliyelisambaza aliandika chini yake, "Jaribuni, walimu," kisha yeye mwenyewe asijaribu. Mimi nilijaribu. Nilikuwa nimefundisha miaka ishirini na sita, magoti yananiuma, na ningeweza kukaa kimya nikangoja kustaafu kama watu wenye akili zao.

Ila nilikuwa na kitu cha kuonyesha. Shule yetu iko Utange, na kila mwaka naletewa darasa la tatu watoto wasiojua kusoma. Wanajua kuimba kitabu. Ukiwafunulia ukurasa wanauimba wote, ukiwafunika picha wanapotea. Nikaanza kukata kadi kwenye karatasi ya ndani ya mifuko ya saruji, ambayo Utange haikosekani, maana kila mtu anajenga na hakuna anayemaliza. Kila kadi niliiandika silabi moja. Kadi hazikutosha na mkono ulinichoka, kwa hiyo nikampa kila mtoto silabi sita tu. Mwenye "ma" hana "ji". Akitaka kuandika maji, sharti ainuke amtafute mwenye "ji", amwombe kwa adabu, naye akiombwa asikatae.

Mwanzo niliona ni upungufu wa kuvumilia tu. Baada ya wiki mbili darasa likawa soko. "Niazime ji yako." "Nikuazime, nawe una nini?" Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma kwa haya akawa anatafutwa, kwa kuwa ni yeye peke yake mwenye "nya", na bila yeye hakuna nyama wala nyanya. Ulipofika mwisho wa mwaka wengi walikuwa wakisoma, tena kwa kelele. Mwalimu mkuu ndiye aliyenishawishi niandike, huenda serikali ikatushika mkono.

Ikatushika. Afisa aliyetumwa kutoka Nairobi alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, na aliniamkia shikamoo bila kukumbushwa. Akanieleza utaratibu. Darasa la tatu lina mikondo miwili: Kijani, ambao ni wangu, na Buluu, wa mwenzangu mmoja aliyetoka bara. Kijani watumie kadi mwaka mzima. Buluu wasiguse. Mwisho wa mwaka wote wapimwe kwa hadithi moja, na Kijani wakionekana wamewapita Buluu, ndipo ije awamu ya pili, kadi ziende kwa Buluu na kwa kila shule ya Kisauni itakayozitaka.

"Makundi yasichanganyike, mwalimu," aliniambia. "Yakichanganyika hatutakuwa na matokeo."

Nilisema sawa. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka awamu ya pili kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika kazi hii. Nilitaka niondoke nimeacha kitu. Leo nikikumbuka najiuliza nilikuwa na akili gani. Watoto wenyewe wanalala kitanda kimoja, huyu Kijani, yule Buluu. Alasiri wanakaa mkeka mmoja madrasa. Na mimi nilikuwa nimewafundisha nusu yao mchezo usiochezeka bila kumwomba mwenzio.

Mwezi wa saba mwalimu wa Buluu alinijia chumba cha walimu na kikombe chake cha chai, uso umemchangamka.

"Madam, unajua hata hawa wangu siku hizi wanasoma? Jana kuna msichana amenisomea ubao wote. Mi nimeshangaa tu."

Furaha yake ilikuwa ya kweli. Mimi nikamkumbuka afisa. Nikamuuliza wanatumia nini.

"Si hizo makadi kama zako. Wamejitengenezea."

Asubuhi ya pili niliingia Buluu kabla ya somo la kwanza. Wakasimama, wakaniamkia, wakakaa. Nikasema mwenye kadi azitoe. Walizitoa mbiombio, kwenye mifuko ya sare, kwenye mikoba, mmoja ndani ya soksi. Walidhani hatimaye nimekuja kucheza nao. Zilikuwa zimekatwa kwenye pakiti za unga na maboksi ya sabuni, nyingine zina nusu ya picha ya ng'ombe upande wa nyuma, na herufi zake zimepinda. Nikauliza ni nani aliyezifanya. Wakamtazama msichana mmoja mwembamba aliyekaa karibu na dirisha.

"Njoo, mwanangu."

"Abee."

Binamu yake alikuwa Kijani, kwangu. Aliniambia bila kuficha kwamba walikuwa wakikaa pamoja madrasa, na ustadhi akiwasikiliza wengine, yeye hunakili. Alianza na zake sita. Kisha wenziwe wakataka, naye akawakatia, kila mtu sita, hivyo hivyo nilivyofanya mimi. Hata kanuni zangu alikuwa amezishika: anayeombwa hakatai.

Ningemkumbatia mtoto yule. Miaka yote ile sikuwahi kuwa na mwanafunzi aliyenielewa namna ile. Badala yake nilimwambia azikusanye zote anipe.

Alipita dawati kwa dawati. Hakuna aliyebisha. Aliniletea kwa mikono miwili, kama anavyofundishwa mtoto kumpa mtu mzima kitu.

"Tumekosa nini, mwalimu?"

"Hamkukosa. Mtapewa nyingine mwakani."

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni na rejista yake. Tulipotoka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini madam, si lengo ni wasome?"

"Lengo ni wasome wote," nikamjibu. "Wa shule zote. Hawa wasubiri mwaka mmoja tu."

Nilikuwa nimejipigia hesabu hiyo njia nzima na niliiona imekaa sawa. Kijani nao niliwakataza kutoka na kadi nje ya darasa. Binamu mtu alinuna wiki nzima.

Upimaji ulifanyika mwezi wa kumi. Afisa alikaa na karatasi zake, mimi kando yake, mtoto mmoja mmoja akiingia kusoma hadithi fupi ya mbuzi aliyepotea. Zamu ya yule msichana ilipofika, alisoma mistari miwili vizuri, kisha akafika kwenye neno refu akakwama. Hakubahatisha kama wengine. Alitia mkono kwenye mfuko wa sare yake na vidole vikaanza kutafuta, taratibu, huku macho yakiwa kwenye neno. Mfukoni hamkuwa na kitu. Akautoa mkono, akauweka juu ya paja, akauacha hapo mpaka muda ukaisha. Afisa akaandika alichoandika. Mimi nilijifanya napanga penseli.

Kijani waliwapita Buluu. Afisa alinipongeza, mwalimu mkuu akanipongeza mbele ya wazazi. Kwenye ripoti palikuwa na sehemu ya changamoto na hatua zilizochukuliwa, nami nikaandika sentensi ambayo bado naijua kwa moyo: "Baadhi ya kadi zilivuka kutoka kundi moja hadi jingine, hali hiyo ilidhibitiwa mapema." Ni Kiswahili kizuri tu. Hakuna aliyenisahihisha.

Awamu ya pili ilikubaliwa, kisha ikakaa. Mwaka ukapita. Nikapiga simu, nikaandika barua, nikaambiwa iko njiani. Buluu wakaenda darasa la nne bila kadi, kisha la tano. Kila nilipokutana nao uwanjani waliniamkia vizuri sana, na mimi niliitikia nikiangalia kando.

Mwaka wa tatu kadi zikaja na lori. Tulizipakua sote, hata mwalimu mkuu alivua koti. Zilikuwa masanduku ya plastiki, yana mifuniko, yanang'aa, moja kwa kila mtoto. Ndani ya kila sanduku mna silabi zote. Nikafungua moja, nikafungua jingine, nikadhani wamekosea kupanga. Nikampigia yule afisa.

"Hapana, mwalimu, tuliboresha kutokana na ripoti yako," alisema. "Ile changamoto uliyoitaja, ya kadi kuvuka. Sasa kila mtoto anajitosheleza, hana haja ya kumsumbua mwenzake."

Nikamshukuru.

Basi darasa langu sasa ni kimya. Kila mtoto na sanduku lake, kichwa chini, anatafuta "ji" mwenyewe, na asipoipata anaangalia dari. Wakaguzi wanapapenda, wanasema pana nidhamu. Nimejaribu kuyachanganya masanduku nigawe silabi sita sita, nikaambiwa ni mali ya serikali, yana nambari, yabaki kamili, tena yasitoke darasani. Sina nguvu ya kugombana na nambari. Niko karibu kustaafu na wapo watakaosema nimeacha kitu.

Wiki iliyopita, kengele ya kurudi nyumbani ilipolia, yule msichana alisimama kwenye mlango wangu. Amerefuka. Alinipa shikamoo, akasubiri nimkaribishe.

"Mwalimu, zile zetu bado zipo?"

Nilijua ni zipi. Nikamuuliza za nini.

"Mdogo wangu yuko tatu Kijani, hapa kwako. Sanduku haliruhusiwi nyumbani, na shuleni hajafahamu bado. Nataka nimfundishe."

Zilikuwa kabatini, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Miaka yote hiyo sikuzitupa, wala sikuzifungua. Niliupangusa mkebe vumbi kwa kanga yangu, nikampa wote. Aliupokea kwa mikono miwili, akachungulia, akaitoa moja yenye nusu ya ng'ombe, akacheka kidogo. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikarudi kufunga kabati.

Alifika mlangoni akageuka.

"Na akimuazima mwenzake, mwalimu, utazichukua tena?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua tu, ili amwambie mdogo wake azifiche au asizifiche. Nilimwambia hapana, sizichukui. Alinitazama kidogo, kisha akaufunika mkebe akautia ndani kabisa ya mkoba wake, chini ya madaftari.