Kunyolewa kwa Shangazi

Mjukuu wa baba mdogo alipofariki kwa homa, familia iliamua kwamba shangazi yangu ndiye aliyemloga. Ushahidi ulikuwa mmoja: siku iliyotangulia alipita pale, akamshika mtoto paji la uso, akasema, "Huyu mbona kanyong'onyea hivi? Mpelekeni zahanati." Hawakumpeleka.

Nilitoka kwangu Picha ya Ndege, Kibaha, na shahada zangu mbili, nikaenda kijijini Marui kumwokoa.

Uamuzi niliukuta tayari: shangazi anyolewe na mganga ili uchawi umtoke, au ahame. Niliomba kusema. Nikaeleza malaria. Nikaeleza kwamba Ulaya nako zamani waliwachoma wanawake kwa shutuma kama hizi, na wachache tu walithubutu kuuliza ushahidi uko wapi. Nilipaza sauti kidogo, kama niko ukumbini chuoni.

"Kumbe hata kwa Wazungu wapo," alisema baba mdogo. "Mmemsikia msomi?"

"Sikusema wapo, baba. Nimesema walisingiziwa."

"Wote? Ulikuwepo?"

Sikuwepo. Watu wakacheka, na ulikuwa msiba.

"Mbona unamtetea hivyo?" akauliza mama wa marehemu, macho yamevimba. "Kakulisha nini?"

Ndipo baba mdogo akaamua na mimi ninyolewe. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Ulaya mtetezi naye aliweza kuingizwa kundi la wachawi. Nilidhani hayo ni ya kwenye mtihani.

Nilimvuta shangazi pembeni. Twende Kibaha, nikamwambia, chumba kipo.

"Nikamwangalie nani huko, baba? Shamba langu hapa, makaburi ya wanangu hapa. Nikiondoka, nimekiri."

"Na ukinyolewa?"

"Nywele zitaota."

Asubuhi tulikaa mkekani. Mvi zake zilianguka kwenye ungo, kichwa kikabaki kidogo kuliko nilivyokijua. Zamu yangu ilipofika, mganga aliutazama upara wangu, akakosa pa kuanzia. Akapitisha wembe juu ya sikio, kwa adabu.

Jioni shangazi alijifunga kanga kichwani, akapika uji, akaniomba nimsindikize kwa wafiwa. Mama wa marehemu alipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

Kisha mama yule akaliweka chini, nje ya mlango, akawaita watoto wake waliobaki waingie ndani. Shangazi alikaa barazani kusubiri bakuli lake. Nami nikakaa.