Mashavu ya Kibwana

Hakuna mtu Msambweni aliyewahi kula tambuu ya Mwanasha mara moja akaishia hapo. Kama unadhani natia chumvi, kaulize. Watu walikuwa wakitoka Lunga Lunga kwa bodaboda, wakiwapita wauza tambuu wengine wote njiani, wakaja kusimama mbele ya kimeza chake nje ya nyumba. Mwanasha akilifuta jani la mtambuu kwa kitambaa kibichi, akilipaka chokaa kwa ncha ya kidole, akitia unga mwekundu wa katu, kokwa ya popoo aliyoikata mwenyewe ikawa nyembamba kama ukucha, hiliki, na kwa mwenye kutaka, tumbaku. Kisha akiifunga. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wake. Vidole vilizunguka upesi hata ukodoe macho vipi usivione, tambuu ikatoka pembe tatu, imebanwa kwa karafuu moja, nadhifu kabisa.

Kwa hiyo watu kwake hawakusema "niuzie." Walisema "nifungie." Mwanasha, nifungie mbili. Mwanasha, mimi nifungie kali. Na yeye alilipenda neno hilo, akajiona mtu.

Hata mumewe, Kibwana, Mwanasha alimpata kwa tambuu hizo hizo, na yeye mwenyewe hakuficha. Alikuwa mpiga zumari, na kwa harusi za Kidigo kutoka Diani hadi Vanga, harusi bila zumari ya Kibwana ilikuwa kikao tu. Mpiga zumari hodari hakati pumzi. Hewa anaiweka akiba mashavuni, akiitoa huko huku puani anavuta nyingine, basi sauti haipumziki. Mashavu ya Kibwana yalifura kama maandazi yaliyoiva vizuri, watoto wakayachekea, wanawake wakayapigia vigelegele. Kila asubuhi Mwanasha alimfungia tambuu tano, na siku ya harusi alimwongezea. Aliamini tambuu inalainisha shavu. Nani alimwambia? Hakuna. Aliamini tu, kwa mapenzi.

Mambo yalianza na pilipili. Kibwana, mtu aliyekuwa akitafuna pilipili mbichi kwa muhogo, akaanza kusukuma sahani ya mchuzi akisema kinywa kinawaka moto. Mwanasha akamcheka, akamwita mtoto wa maziwa. Kisha Kibwana akawa anamega matonge madogo madogo kama mgonjwa. Akipiga miayo, kinywa kinafunguka kidogo kisha kinagoma. Mwishowe wakaenda harusi ya Gazi. Bwana harusi yuko mlangoni, wanawake wameshajipanga, Kibwana akaitia zumari kinywani, akapuliza, ikatoka sauti ya mlango mkavu. Akarudia. Mashavu hayakufura. Yalibaki bapa usoni. Akaitoa zumari, akaitazama kana kwamba ndiyo mbovu, na macho yakamjaa machozi mbele ya watu.

Lahaula! Mwanasha hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mumewe alikuwa amefungwa kinywa. Na aliyemfunga alimjua: jirani yake Hafsa, ambaye mwezi mmoja kabla alisimama kwenye harusi nyingine akasema kwa sauti, "Yale mashavu ya Kibwana, jamani, siku moja yatapasuka!" Akasema hivyo bila kutia mashaallah ya kuondoa kijicho. Basi! Mwanasha alimfuata mpaka uani kwake, akamtolea maneno ambayo mimi siyarudii hapa, mbele ya wakwe wa Hafsa. "Mfungue mume wangu! Binti yangu Twaiba anaolewa baada ya Idi, na babake ndiye atakayempigia. Mfungue kabla sijakuitia watu!" Hafsa alilia, akaapa kwa Mungu, Mwanasha hakumsikia. Toka siku hiyo akipita mlangoni pake anatema mate.

Kibwana akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, akafukizwa ubani, akapelekwa kwa mganga mmoja huko Kinango akarudi na hirizi shingoni. Kinywa kikazidi kufunga. Mwalimu aliyemwandikia kombe ndiye hatimaye aliyesema, "Mama Twaiba, mimi nimesoma niliyoyasoma. Mpeleke kwa daktari wa meno." Mwanasha alichukia. Meno ya Kibwana hayakuwa na kasoro. Lakini harusi ilikuwa inakaribia, akampeleka.

Daktari alikuwa mwanamke wa bara, Everline jina lake, mpole, mwenye Kiswahili cha kukimbia. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Akamkalisha Kibwana, akamwambia, "Mzee, chukua vidole vyako vitatu, vipange kimoja juu ya kingine, uviweke katikati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima viwe vinaingia."

Kibwana akatia kimoja. Cha pili kikakwama.

Daktari akamwangaza kwa tochi, akaingiza kidole chenye glavu, akabonyeza shavu kwa ndani. Akamwita Mwanasha aje aone. Mwanasha akainama. Ndani ya lile shavu alilolijua kwa nje miaka yote hiyo hapakuwa na wekundu. Palikuwa peupe, pamekwajuka, na chini yake mistari migumu imesimama, ukiigusa ni kamba kabisa.

"Kinywa kina ngozi yake ndani, mama," daktari alisema, "na si ya aina moja. Kwenye ufizi na kwenye kaakaa ni ngumu, imeshikana na mfupa, ili istahimili kutafuna. Ulimini kuna vinundu vya kuonjea. Mashavuni na ndani ya midomo ndiyo laini, ina unyevunyevu, inavutika halafu inarudi. Hiyo ndiyo inafanya tucheke, tule, mzee apulize. Sasa, chini ya hiyo laini kuna nyuzi. Zikiwa sawa, shavu linavutika. Za mzee zimezidi, zimekaza. Ndiyo unaona kinywa kimefungwa."

"Ndiyo," Mwanasha akadakia, "amefungwa! Mimi nilisema!"

Daktari akatikisa kichwa, akatazama meno ya Kibwana yaliyopakaa wekundu. "Ni popoo, mama. Popoo ndiyo inafanya hivi, pole pole, mwaka baada ya mwaka, hata bila tumbaku. Mzee, hizi tambuu anakufungia nani?"

Kibwana hakuwa na ubaya, masikini. Aliulizwa swali, akalijibu. Kwa kile kinywa kisichofunguka alisema, "Huyu hapa. Mke wangu."

Mwanasha alishika ukingo wa kiti. Vidole vyake viwili vilikuwa bado na weupe wa chokaa ya asubuhi ile. Akauliza tu, "Atafunguka?"

"Akiacha leo, inaweza isizidi. Kuna dawa na mazoezi ya kumsaidia. Lakini kurudi kama zamani, siwezi kukudanganya, hairudi. Na lazima aje tumwangalie mara kwa mara, kwa sababu ngozi iliyofika hapa inaweza kugeuka saratani."

"Na zumari?"

Daktari hakumwelewa. Kibwana alielewa, akageuzia uso ukutani.

Walirudi nyumbani. Mwanasha hakuingia kwake kwanza. Alibisha kwa Hafsa, na Hafsa alipofungua, alimwambia maneno mawili, "Ni mimi." Hafsa akadhani ni salamu ya mlangoni, akabaki anamtazama, mpaka Mwanasha alipokaa chini kizingitini akalia kwa kwikwi. Hafsa hakumkumbatia. Alimletea maji, akasimama pembeni mpaka alipoyamaliza. Alikuwa na haki yake.

Kesho yake alasiri kimeza kilikuwa nje kwa mazoea tu, hakina jani. Akaja Feisal, mchumba wa Twaiba, kijana mhudumu wa hoteli Diani, kavaa shati jeupe la kazini. Feisal alizaliwa mtaa ule ule. Alianza kununua tambuu tamu kwa Mwanasha akiwa na sare ya shule ya msingi, na hakuacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nifungie moja tamu, niwahi zamu."

Mwanasha alimtazama mkwewe mdomoni, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. "Feisal, fungua kinywa."

Feisal akacheka kwa haya. "Mama! Kuna nini?"

"Fungua, nakwambia. Tia vidole vitatu, kimoja juu ya kingine."

Akatii, akicheka bado, akidhani ni mzaha wa kumpima bwana harusi. Kimoja kikaingia. Cha pili kikaingia kwa shida. Cha tatu kikagonga meno. Akajaribu mkono wa kushoto. Akainamisha kichwa, akasukuma mpaka mdomo ukatoa damu kidogo pembeni, na kicheko kikamwishia.

"Mama, mbona haviingii?"

Ndani ya nyumba Twaiba alikuwa akiimba, Twaiba aliyekuwa akiokota vipande vya popoo mezani pa mamake tangu alipoanza kutambaa, na mamake akimcheka na kumwongezea.

"Twaiba!" Mwanasha aliita, na sauti haikuwa yake. "Njoo hapa. Njoo sasa hivi!"